Wa Ziada Katika Hesabu ya Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, na hilo ndilo kosa la kwanza ninalowaandikia. Gereza letu limejengwa kwenye mteremko, kama karibu kila kitu Bukavu, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unashuka mpaka mlangoni mwa grefe. Papa Balola, aliyekuwa mkuu wa grefe wakati huo, alinitazama nikichomoa kiatu kwenye tope.

"Binti yangu," akasema, "hapa batu banaingiaka mbio. Kutoka njo kazi."

Ninyi mnaokalia meza ile sasa mnajua grefe ni nini, lakini kuna atakayekuja baada yenu akiwa mgeni kama nilivyokuwa, kwa hiyo nitaeleza, hata kwamba njo ya hapa ni ndiyo na batu ni watu. Grefe ni chumba ambamo mtu anageuzwa kuwa mstari. Kuna kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na kila anayefungwa anapata mstari wake: jina, jina la baba, alikozaliwa, kazi, kosa, karatasi ya parke iliyomleta (parke ni ofisi ya mwendesha mashtaka), siku ya kuingia, na mwisho kabisa, siku ya kutoka. Kuingia tunaandika kwa kalamu ya buluu, kutoka kwa nyekundu. Anayefia ndani naye ametoka, kwa hiyo ni nyekundu. Hakuna mstari unaofutwa na hakuna unaoachwa mtupu. Siku ile ya kwanza Papa Balola alinipa kalamu mbili na rula ya mbao iliyolika pembeni. Rula hiyo bado iko kwenye droo. Msiitupe, hizi za plastiki hupinda jua likipiga dirishani.

Kitu cha pili alichonifundisha ni safu ya kazi. Polisi walikuwa wakileta karatasi zimeandikwa "hana kazi" kwa kila mtu, na mimi nikainama kunakili. Papa Balola akanishika mkono.

"Muulize jana yake alikuwa anafanya nini."

Hivyo ndivyo tulivyouliza miaka yote: siku moja kabla hawajakukamata, ulikuwa unafanya nini? Na majibu yakaja. Nilikuwa nabeba mchanga kutoka ziwani kupanda nao Kadutu. Nilikuwa nachimba dhahabu Mwenga. Nilikuwa nauza nyanya kwenye beseni. Nilikuwa navuna maganda ya kinkina, mti wa dawa ya malaria, kwenye shamba ambalo mwenyewe hajaonekana tangu babu yangu. Katika maisha yangu yote kazini sikumpata hata mmoja ambaye jana yake hakuwa akifanya chochote. Vijana wangu, mkirithi jambo moja tu kutoka kwangu, rithini swali hilo.

Jambo la tatu alilonifundisha lilikuwa kosa, na ndilo linalonifanya niandike.

Kila asubuhi kuna apeli, kuita majina. Katika miezi ya mvua ukungu unapanda kutoka ziwani kabla ya saa moja, unapita juu ya ukuta na kushuka uani taratibu, kama mtu anayeijua njia. Wafungwa wa mbele unawaona mpaka kifuani. Wa nyuma huwaoni kabisa. Kapita, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, anasoma majina kwenye kipande cha katoni, na kutoka ndani ya weupe ule sauti zinajibu moja moja kwamba wapo: "Prezan." "Prezan." Majina yakiisha, mlinzi anaingia kwenye ukungu akigusa mabega, na anarudi na hesabu ya vichwa.

Asubuhi yangu ya tatu niliilinganisha hesabu ile na majina ya kitabuni. Vichwa vilizidi kwa kimoja. Nilirudia kurasa zote nikidhani nimeruka jina. Papa Balola alikuwa akipoza chai yake.

"Ni sirplis," akasema.

Neno hilo la Kifaransa maana yake ni kilichozidi, wa ziada. Walinzi walikuwa na hadithi yake. Zamani, wakati wa Wabelgiji, mfungwa mmoja alifia ndani na karani akasahau kumwandikia nyekundu. Kitabu kilipojaa wakafungua kingine, na jina lake halikuhamishwa. Kwa hiyo hajatoka, na tena hayumo. Anasimama kwenye apeli kila asubuhi pamoja na wengine, ila hajibu, kwa kuwa hakuna anayemwita. Walinzi waliiamini hadithi hiyo kwa namna mtu anavyoamini jambo linalompunguzia kazi. Wengine waliposhika bega lililokuwa baridi kuliko mengine walijipangusa mkono kwenye suruali na kuendelea kuhesabu.

"Andika majina," Papa Balola aliniambia. "Usiandike vichwa. Kitabu njo gereza. Uwanja ni uwanja tu."

Nikaandika majina. Papa Balola alipostaafu nikakaa kwenye kiti chake, wakaanza kuniita Maman Grefe, nami nikaendelea kuandika majina. Siku nyingi vichwa vilizidi kwa kimoja. Mara moja moja vilizidi kwa viwili, na mlinzi alikuwa akitania kwamba sirplis ameoa.

Sasa niwaeleze kuhusu Madame Furaha, kwa sababu bila yeye ningestaafu nikiwa nimetulia, na isingefaa.

Alikuwa mwalimu wa sosiolojia katika chuo kimoja cha mjini. Wakubwa walimleta atufundishe sisi wafanyakazi, Alhamisi nne mfululizo, kwenye chumba cha kuhifadhia magodoro. Walinzi walikuja kwa ajili ya mandazi. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, ambaye ukimkatiza anakungoja umalize kisha anaendelea pale pale alipoishia. Alituambia kuna wanafikra waliojiuliza kwa nini jamii yenye matajiri wachache na maskini wengi huzaa uhalifu, na kwamba hawakubaliani wote, lakini wanapokutana ni kwenye mlango wa gereza.

Nitawapa kwa maneno yangu, kwa mifano ya hapa kwetu, kama nilivyoielewa.

Wa kwanza wanasema: angalieni nani anaandika sheria. Mtu wa Mwenga anachimba kwenye kilima alichochimba baba yake. Leo ni kazi. Kesho karatasi inatiwa sahihi mbali, kilima kinakuwa cha kampuni, na mtu yule yule, na sepetu ile ile, kwenye shimo lile lile, ni mwizi. Mikono yake haikubadilika. Kilichobadilika ni karatasi.

Wa pili wanasema: angalieni ndoto na ngazi. Jamii ya biashara inamwonyesha kila mtu nyumba ile ile ya kando ya ziwa, gari lile lile, simu ile ile, na kumwambia kwamba asiye navyo si mtu. Ngazi za kufikia huko ni chache na zimeshikwa. Wengi watabaki chini wakitamani. Baadhi watapanda ukuta.

Wa tatu wanasema ubinafsi hauko kwa maskini peke yao. Soko linamfundisha kila mtu kujipendelea, aliye juu na aliye chini. Tofauti ni kwamba wa chini anaiba kwa mkono na anaonekana, wa juu anaiba kwa kalamu na anapongezwa.

Papa Ombeni, mlinzi wa zamu ya asubuhi, aliinua mkono wenye andazi.

"Basi, Madame, mwizi aliniibia kuku. Ni kosa ya kapitali, ya bale matajiri?"

Tulicheka wote. Madame Furaha alingoja.

"Kuku yako aliibwa na mutu, papa, na huyo mutu ana kosa yake. Tena pengine iko maskini kama wewe, na wewe njo uliumia. Miye nauliza kintu ingine. Juu ya nini humu ndani niko naona baiba-kuku tu? Mwenye aliiba kilima iko wapi?"

"Iko anajenga kando ya ziwa," mtu alisema kutoka nyuma. Watu wakacheka tena, halafu wakaacha.

Napenda kuwaambia kwamba sikukubali kila kitu. Nimewajua maskini wengi ambao hawajawahi kuchukua kisicho chao, mama yangu akiwa wa kwanza, na nilimwambia hivyo. Akafurahi. Alisema nadharia hizi hazituambii nani ataiba. Zinatuambia ni nani tunamngojea mlangoni. Niliona hilo ni kweli. Safu ya kazi katika kitabu changu ilikuwa ushahidi: mchanga, nyanya, makala (ndiyo makaa ya kupikia), dhahabu, na tena mchanga.

Alhamisi ya mwisho akaleta fikra ya nne. Mfumo unaotafuta faida, alisema, hauhitaji mikono yote. Unahitaji mingine, na mingine unaiacha. Wale walioachwa hawafi kwa kuachwa. Wanakuja mjini, wanakaa kwenye miteremko ambako nyumba zinaporomoka, wanatafuta. Jamii haijui iwaweke wapi, basi inawaweka huku. Akageuka kwenye ubao na kuandika jina wanalopewa katika vitabu. Watu wa ziada.

"Kwa Kifaransa?" Papa Ombeni akauliza.

Akaandika chini yake. Papa Ombeni akalisoma kwa sauti, polepole, kisha akanitazama mimi. Walinzi wote walinitazama. Madame Furaha akauliza kuna nini.

Wiki ile ile alikufa mfungwa aliyeitwa Zihalirwa. Alikuwa mbeba mchanga, mpole, mwenye kikohozi cha muda mrefu. Nilimwandikia nyekundu Jumanne. Ijumaa asubuhi Madame Furaha alikuwa grefe, maana aliomba aisome safu yangu ya kazi kwa ajili ya utafiti wake, na mimi nilikuwa nikimsomea. Papa Ombeni akaja na hesabu. Hakuketi kama kawaida.

"Maman Grefe. Leo siku ya tatu imelingana."

"Si ni vizuri?"

"Tangu nifike hapa haiyalinganaka." Akaweka katoni ya kapita mezani. "Majina yote bameitika. Vichwa na majina, sawasawa."

Niliichukua katoni nikailinganisha na kitabu, jina kwa jina. Katoni ilikuwa na jina moja zaidi ya kitabu changu. Nilipolikuta, Madame Furaha, aliyekuwa akifuata kwa kidole, akasema taratibu, "Huyu ulinisomea kwa nyekundu."

Zihalirwa.

"Aliitika?" nikamuuliza Papa Ombeni.

"Aliitika. Kutoka kule kwa ukuta. Jana pia. Na juzi."

Tukatoka uani, sisi watatu. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Nilimwambia kapita, mtu mwenye mabega mapana aliyeitwa Safari, asimame kando yangu, nikaita mwenyewe jina lile moja, nikiona aibu kwa jinsi sauti yangu ilivyotoka nyembamba.

"Prezan," ukuta ukajibu.

Nilitembea kuelekea kwenye sauti. Wafungwa waliachana kunipisha bila kuambiwa. Kwenye ukuta wa chini, upande wa ziwa, kuna mahali ambapo jiwe limelainika na kung'aa kwa urefu wa mgongo wa mtu aliyeketi. Nimepita pale mara nyingi bila kujiuliza ni migongo mingapi ingehitajika kulainisha jiwe. Mtu alikuwa amesimama hapo. Mwembamba, wa makamo, ndevu zina mvi upande mmoja tu.

"Wewe ni nani?"

"Zihalirwa."

"Zihalirwa alikufa."

"Najua, Maman. Miye njo nilimubeba."

Tulimleta grefe, tukampa kiti. Alikaa ukingoni kama mtu anayeogopa kukichafua. Jina lake lilikuwa Murhula, wa Kalehe. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa akishuka mjini na gunia la makala, polisi wakamsimamisha kwenye kizuizi, wakamuuliza kitambulisho, hakuwa nacho. Jumamosi wakamleta kwetu pamoja na watu wengine watatu. Grefe hufungwa Jumamosi.

"Bale batatu balikuwa na karatasi," akasema. "Miye nilikuwa na gunia. Polisi alisema yangu atalete lundi."

Lundi ile, Jumatatu ile, haikufika. Makala yalipikia walinzi mwezi mzima; Papa Ombeni alikumbuka makala yale, akainamisha kichwa. Bila jina kitabuni Murhula hakuwa na siku ya kwenda mbele ya hakimu, na hakuwa na kikombe chake cha vungure, mahindi na maharage ya kila siku, kwa kuwa vungure inagawiwa kwa majina. Alikula masalio ya wengine. Zihalirwa ndiye aliyekuwa akimwachia nusu kila siku. Zihalirwa alipokufa, kapita hakulikata jina kwenye katoni.

"Ningefanya nini, Maman?" Safari akasema akiwa mlangoni. "Jina ilibaki bila mutu. Na mutu alikuwa hapa bila jina."

Nikamuuliza Murhula kwa nini hakusema miaka yote hiyo.

"Nilisema kwa mulinzi. Alinishika bega, akacheka, akasema, ah, njo wewe." Kisha akanigeukia. "Na dada yangu alifika, Maman. Nilisikia sauti yake kwa mulango. Wewe mwenyewe ulimujibu."

Nilimkumbuka. Mwanamke mwenye kifurushi cha ugali wa muhogo kilichofungwa kwenye jani, kutoka Kalehe, alikuja mara mbili. Nilifungua kitabu mbele yake, nikatafuta kwa uangalifu kabisa, nikamwambia hayumo. Nilikuwa mpole. Na kwa mujibu wa kitabu nilikuwa mkweli.

Madame Furaha alikuwa ameacha kuandika. Akamuuliza kama kabla yake kulikuwa na mwingine.

"Alikuwako muzee. Njo alinionyesha pale kwa ukuta. Alisema ukikaa hapo, hesabu inakupita vizuri. Alikufa mwezi miye niliingia. Bakamubeba na bengine bawili."

"Hesabu haikupungua," nikasema.

"Ingepungua namna gani? Nilikuwa nimeingia."

Nilitafuta. Nilirudi nyuma kurasa na kurasa, vitabu viwili nyuma. Mwezi ule kulikuwa na mistari miwili ya vifo, wa tatu haukuwapo.

Jumamosi nilipanda hadi mtaa wa Bagira kumwona Papa Balola, ambaye sasa macho yake yamefunikwa na utando. Nilimweleza yote. Alizungusha fimbo yake sakafuni muda mrefu.

"Nilikuwa najua hesabu inazidi," akasema. "Sikuulizaka kama inapumua."

Alinifundisha kila kitu kizuri ninachokijua katika kazi hii, na nampenda hata leo. Mwalimu mzuri anaweza kukukabidhi kosa lake kwa mkono ule ule aliokukabidhi rula.

Jumatatu nikaenda parke. Hakimu kijana aliyenipokea, maana kwetu hata waendesha mashtaka tunawaita mahakimu, alikuwa na adabu.

"Dosye yake, faili lake, iko wapi, Maman?"

"Hana."

"Basi hayuko."

"Yuko uani."

"Maman, nielewe. Siwezi kumwachilia mtu ambaye hajafungwa. Nitamtoa wapi?"

Niliporudi, Papa Ombeni alinivuta pembeni. "Tufungue tu mulango, Maman. Nani atajua? Hesabu itapungua kwa kimoja, itakuwa sawa na kitabu." Na ilikuwa kweli, hakuna ambaye angejua. Lakini Murhula mwenyewe alikataa. Nikitoka bila karatasi, alisema, kizuizi cha kwanza kitanirudisha, na safari hii sitapata hata marehemu wa kunipa jina.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa mezani kwangu. Ili mtu yule atoke, ilibidi kwanza aingie. Na wa kumwingiza alikuwa mimi, kwa kalamu yangu, bila karatasi ya parke, jambo ambalo sheria inamkataza karani, na kwa kukiri kwamba kwa miaka minne aliwekwa ndani na kosa la ofisi yangu. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Nilifikiri kufukuzwa, nilifikiri kufungwa mimi mwenyewe, na nikiri kwenu kwamba nilinywa chai vikombe viwili kabla ya kufungua kitabu.

Nilimketisha mbele yangu. Jina. Jina la baba. Kalehe. Nikafika kwenye safu ya kazi, nikauliza kama nilivyofundishwa.

"Jana yake ulikuwa unafanya nini?"

Alifikiri kwa makini.

"Jana nilikuwa Zihalirwa," akasema.

Nikauliza tena, ya kabla ya kukamatwa. Kisha nikaandika: mchoma makala. Kwenye kosa: halijulikani. Kwenye karatasi ya parke: haikuletwa. Kwenye siku ya kuingia: Jumamosi, miaka minne iliyopita, kwa ushahidi wake na wa wenzake. Na pembeni: hakuandikwa kwa uzembe wa grefe. Nikatia sahihi na muhuri, nikapeleka nakala parke kwa mkono wangu.

Hakimu kijana aliisoma mara mbili. "Umejishitaki, Maman."

"Ndiyo, mheshimiwa. Sasa yuko. Na mtu aliye ndani bila karatasi, sheria inasema nini?"

Alijua inasema nini: aachiliwe hapo hapo. Akavuta karatasi. Kosa langu alilipeleka juu, nami nikahojiwa na kupewa barua ya onyo ambayo bado imo kwenye faili langu. Mkiitafuta mtaikuta, iko baada ya cheti cha ubatizo wa mwanangu ambacho sijui kilifikaje humo.

Siku ile ile nikamwandikia Murhula nyekundu. Buluu na nyekundu kwenye mstari mmoja, wino wote ukiwa bado mbichi. Aliikunja karatasi yake ya kutoka mara nne, akaikunjua, akaitazama, akaikunja tena.

"Na yule muzee?" akauliza.

"Aliitwa nani?"

"Hakusema. Tulikuwa tunamuitaka Sirplis."

Ndiyo maana chini ya mstari wa Murhula mtakuta mstari mtupu, ambao kanuni inakataza. Si kosa. Msiujaze.

Madame Furaha alimsindikiza mpaka kwenye gari la Kalehe. Alirudi akaniambia kwamba miaka yote amefundisha neno lile darasani bila kulihesabu, na mimi nimelihesabu bila kulifahamu, na tukakubaliana kwamba hakuna kati yetu wa kujisifu.

Tangu siku hiyo nilibadilisha apeli, na hii ndiyo njia ninayowaachia. Msiite majina mkisikiliza sauti. Iteni, na kila anayeitwa avuke ua kutoka ukuta wa chini mpaka ukuta wa juu, apite mbele yenu karibu kiasi cha kuona uso, na mtazame uso pamoja na mstari wake. Inachukua asubuhi nzima. Walinzi watalalamika kuhusu miguu yao. Waonyesheni huruma na muendelee. Mara ya kwanza alibaki mmoja ukutani, mtu mpya wa Jumamosi nyingine, mwenye karatasi iliyoahidiwa Jumatatu nyingine. Tulimwandika. Baada ya yeye vichwa na majina vikalingana wiki baada ya wiki, nami nikaanza kulala vizuri, hali ambayo nayo ningepaswa kuitilia shaka.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Funguo nilitakiwa kuzikabidhi saa sita mchana. Kulikuwa na keki nyumba ya walinzi. Wiki hiyo ya kuagana Papa Ombeni alikuwa ameita kwa sauti tu; akaja na hesabu akitabasamu.

"Imelingana, Maman. Unaenda na amani."

Nilitaka kumwamini. Lakini ukungu ulikuwa mzito, na wafungwa walikuwa wamekwisha kusimama, basi nikasema wavuke mara moja ya mwisho, niwaage. Walivuka. Wengine walinipa mkono. Katikati ya orodha niliita mvuvi mzee wa Sange niliyemjua vizuri, mwenye jicho moja, aliyezoea kunisalimu kwa Kifaransa. Mtu alitoka kwenye ukungu na kusimama mbele yangu. Alikuwa na macho mawili. Hakuwa na miaka arobaini.

"Jina lako?"

Alitaja jina la mzee.

Nilitazama kitabu. Mstari wa mzee ulikuwa bado wa buluu, haukuwa na nyekundu popote. Hakuna aliyekuwa ameniletea habari yoyote. Nyuma ya mtu yule kapita alikuwa akiitazama katoni yake.

"Huyo mzee ana jicho moja," nikasema.

"Najua, Maman," akanijibu kwa upole.

Keki waliila bila mimi, maana nilikuwa na mistari miwili ya kuandika. Funguo nilizikabidhi saa kumi na moja jioni. Kalamu nyekundu iko kwenye droo ya kushoto, pamoja na rula. Ya buluu nimewaachia juu ya meza, bila kifuniko.